Chakula cha Wazee na Mafigo Yao

Kwanza naomba radhi kwa wanafunzi wa zamani wa shule hii, ambao gazeti hili huwafikia popote walipo. Si desturi njema kijana wa miaka 19 kumfundisha mtu mzima namna ya kula. Lakini katika likizo ya Desemba nilimfundisha babu yangu namna ya kula, nami nilikosea, na kosa lile lilikaribia kutupotezea mtu. Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, akanipa vitabu, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata. Yale ya babu nitayasimulia baadaye, maana hayataeleweka kabla ya kulijua figo lenyewe.

Muhula uliopita darasa letu lilinunua mafigo ya mbuzi katika soko la Kalerwe, tukayapasua kwa urefu juu ya meza. Nje pana tabaka la rangi nyekundu iliyokolea, na ndani pana sehemu yenye mistari mingi membamba, yote ikielekea mahali pamoja palipo peupe, kama vijito viendavyo ziwani. Mafigo ya mtu yanafanana na hayo. Kila moja ni kadiri ya ngumi, nayo yamekaa upande wa mgongoni, chini ya mbavu, moja kulia na moja kushoto. Katika kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, visivyoonekana kwa macho matupu. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha lita 180 hivi za maji ya damu. Mtu anayechota maji kisimani ataelewa vizuri nikisema kuwa hayo ni madumu tisa ya lita 20. Lakini mkojo wa siku nzima ni lita moja na nusu au mbili tu. Maji mengine yote hurudishwa katika damu, pamoja na sukari, na chumvi kadiri mwili unavyohitaji.

Basi kazi ya figo si kutupa uchafu tu, kama wengi wetu tulivyodhani. Ni kazi ya karani wa ghala, ambaye huhesabu kila kilichoingia, akaamua kipi kibaki na kipi kitoke.

Karani huyu huzeeka. Vichujio tunazaliwa navyo vyote, na kikifa kimoja hakioti kingine mahali pake. Tangu miaka 40 hivi kazi yake hupungua kidogo kidogo kila mwaka, na mzee wa miaka 80 asiye na maradhi yo yote huenda akachuja nusu tu ya alivyochuja ujanani, au zaidi kidogo. Jambo hilo peke yake si ugonjwa. Ila akiba imekwisha. Kijana akila chumvi nyingi leo, mafigo yake huitoa upesi. Ya mzee huchelewa, na huku nyuma chumvi nyingine imekwisha kuingia.

Sasa tuseme habari ya chumvi. Ndani yake mna sodiamu, na sodiamu hushika maji. Maji yakizidi katika mishipa, damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu zaidi, na huo ndio msukumo mkubwa wa damu ambao watu huuita presha. Mishipa ya vichujio vya figo ni myembamba mno. Ikisukumwa hivyo mwaka baada ya mwaka hukakamaa, na vichujio hufa. Tena figo lililodhoofika hushindwa kutoa chumvi, na kwa hiyo msukumo huzidi kupanda. Mmoja humharibu mwenziwe, na mwenziwe humrudishia.

Ningependa msomaji ajue kuwa ushahidi wa jambo hili haukutoka Ulaya peke yake. Sehemu kubwa imetoka huku kwetu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison aliandika katika The Lancet, gazeti la madaktari la London, habari za kazi yake Kisii, katika nchi ya Kenya. Kwa muda wa miaka miwili hivi wagonjwa 1,800 walilazwa katika hospitali yake, wala hakumwona hata mmoja mwenye msukumo mkubwa wa damu. Alipowapima watu waliokuwa wazima aliona jambo la ajabu zaidi: baada ya miaka 40 msukumo wao haukupanda kama ule wa Wazungu, bali ulielekea kushuka. Mwaka ule ule Hugh Trowell alifika Afrika ya Mashariki, akafanya kazi Kenya na kisha hapa Kampala, katika hospitali ya Mulago, mpaka 1959. Yeye naye alikuta ugonjwa huu ni nadra miongoni mwa Waafrika, na kabla hajaondoka ulikuwa si nadra tena. Mwaka 1960 alitoa kitabu kizima juu ya maradhi ya Afrika yasiyoambukizwa.

Huenda mtu akasema kuwa madaktari wa kwanza hawakuwa na vyombo vizuri, au kwamba wagonjwa wa namna hiyo walibaki nyumbani. Mimi pia nilisema hivyo darasani. Mwalimu akanijibu kwa kunionyesha habari mbili nyingine. Ya kwanza ni ya A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, ambaye mwaka 1969 pamoja na wenzake alitangaza habari za vijana wa Kisamburu walioingia katika jeshi la Kenya. Nyumbani kwao chakula chao kilikuwa maziwa hasa, na chumvi kidogo sana. Kambini walipewa chakula cha askari kilichotiwa chumvi, na msukumo wao wa damu ulipanda. Hao si wazee, ni watu wa rika letu. Ya pili ilitangazwa mwaka 1990. Watafiti walifuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wale waliobaki kijijini. Waliohama msukumo wao ulipanda mapema baada ya kuhama, na mkojo wao ulionyesha kuwa sodiamu imeongezeka katika chakula chao, ilhali potasiamu imepungua. Ukoo ni ule ule, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni maisha, na sufuria ikiwa mojawapo.

Naomba mlikumbuke neno hilo potasiamu, maana ndilo lililonitia mashakani.

Wala tusidhani kuwa babu zetu hawakuijua chumvi. Chumvi ya Katwe na ya Kibiro ilichukuliwa na wachuuzi nchi nyingi tangu zamani sana. Lakini ilikuwa mali, na mali haimwagwi. Leo pakiti ya chumvi ni rahisi kuliko karibu kila kitu dukani. Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na katika hesabu hiyo mnaingia chumvi yote: ya mkate, ya mchuzi, ya kila kitu. Nenda Wandegeya usiku umwangalie kijana anayetengeneza rolex. Chumvi imo katika unga wa chapati, anatia nyingine katika mayai, na nyingine tena anainyunyiza juu ya nyanya na kabichi kabla ya kukunja. (Sisemi tusile, ningekuwa mnafiki, maana mwenyeji wa pale ananijua kwa jina.) Nyumbani nako mna unga wa mchuzi wa pakiti, mna samaki wakavu wa chumvi, na wengine hulainisha maharagwe kwa magadi. Magadi nayo ni sodiamu, ingawa ulimi hauiiti chumvi.

Mzee yu hatarini zaidi kwa sababu ulimi wake umepungua ukali. Chakula kinachotukolea sisi yeye hukiona hakina ladha. Babu yangu alikuwa na kikopo chake cha chumvi mezani, na mkono wake ulifika katika kikopo kabla ya kufika katika chakula. Tena mzee aliyepotewa na meno huacha vitu vigumu, akaishi kwa mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi. Sukari na unene huleta kisukari, na kisukari pamoja na presha ndivyo visababishi vikubwa vya mafigo kuharibika kwa watu wazima duniani. Kiu nayo hupungua uzeeni, hata mzee akashinda kutwa bila maji na asijisikie.

Ubaya wa haya yote ni kwamba mafigo hayaumi. Jino likioza utalia usiku kucha, lakini mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi ya mafigo na bado analima. Dalili huja mwishoni: miguu kuvimba, kuchoka, kukosa hamu ya kula. Kabla ya hapo njia ya kujua ni kupima. Mkojo hupimwa kwa kijiti cha karatasi kuona kama protini inavuja, na damu hupimwa kitu kiitwacho kreatinini, ambacho ni taka itokayo katika misuli. Hapa pana jambo moja la kuangalia. Mzee aliyekonda ana misuli kidogo, kwa hiyo hutoa kreatinini kidogo, na hesabu yake yaweza kuonekana njema ilhali mafigo yake ni dhaifu. Ndiyo sababu daktari mzuri huhesabu pamoja na umri.

Basi sasa nisimulie.

Kwetu ni upande wa Masaka. Babu ana miaka 74. Nilipofika nyumbani mwezi wa Desemba nilimkuta miguu imevimba kidogo, nami nilikuwa nimetoka kusoma kuwa chumvi ni adui wa mafigo na kwamba potasiamu, iliyomo katika ndizi, maharagwe, mboga za majani, machungwa na ovakado, hushusha msukumo wa damu. Mambo hayo ni kweli. Nikayaandika katika karatasi, nikaibandika ukutani jikoni. Nikaondoa kikopo cha chumvi, na mahali pake nikaweka chumvi ya namna nyingine niliyoinunua Kampala kwa fedha zangu, ambayo karatasi yake ilisema ina sodiamu kidogo na ni nzuri kwa afya. Nikamwambia ale matoke mara mbili kwa siku, na ovakado kila siku. Babu alicheka akasema, “Haya, wewe ndiwe uliyesoma.” Akafuata yote, hata zaidi, maana matoke hayahitaji kushurutishwa kwa Muganda.

Katika juma la tatu miguu yake iliishiwa nguvu. Alishindwa kuinuka katika kiti, akasema moyo wake unaruka ruka. Baba alikodi gari, tukampeleka hospitali. Walipima damu, wakaandika mapigo ya moyo kwa mashine, wakaanza kumtia dawa mkononi upesi upesi bila kutueleza neno. Baadaye daktari alitoka akatuambia kuwa mafigo yake yamekwisha dhoofika tangu zamani, labda kwa miaka mingi ya presha isiyopimwa, na kwamba potasiamu imejaa katika damu kiasi cha kuweza kuusimamisha moyo. Akauliza anakula nini. Mama alikuwa amekileta kile kikopo kipya. Daktari alisoma maandishi yake, akaingia kwa babu, nasi nyuma yake, akamwuliza, “Mzee, chumvi hii ulipewa na nani?”

Babu akajibu, “Nimeinunua mwenyewe.”

Nikasema kuwa ni mimi. Daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba yaliyo katika karatasi yangu yamfaa mtu mwenye mafigo mazima, na kwamba ningepima kwanza ndipo niandike.

Sasa nieleze kilichotokea. Chumvi ya “sodiamu kidogo” si chumvi iliyopunguzwa tu. Sehemu ya sodiamu imeondolewa na mahali pake pametiwa potasiamu. Si kitu kibaya chenyewe. Nchini China watu wapatao 21,000 katika vijiji 600, wengi wao wazee waliopata kuugua kiharusi au wenye presha, walifuatwa kwa muda wa miaka mitano karibu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Waliotumia chumvi ya namna hiyo walipata kiharusi kwa uchache zaidi kuliko waliotumia chumvi ya kawaida. Lakini watu wenye ugonjwa mkubwa wa mafigo hawakuingizwa katika utafiti huo tangu mwanzo, na sababu yake niliijua pale hospitalini. Figo zima likipewa potasiamu nyingi huitoa nje. Figo bovu huiacha ndani, nayo ikizidi huvuruga umeme wa moyo. Karani akiwa mzima, mlete magunia mengi upendavyo. Karani akiwa mgonjwa, gunia lile lile jema huziba mlango.

Kwa hiyo chakula kimoja kina hukumu mbili. Matoke kwa mzee ambaye mafigo yake ni mazima ni chakula bora. Kwa babu yangu yanahitaji kupunguzwa na kupikwa kwa njia nyingine, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani. Potasiamu huyeyuka katika maji. Ndizi au viazi vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa katika maji mengi, na maji yale yakamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu huondoka. Lakini sisi matoke huyafunga katika majani ya migomba na kuyapika kwa mvuke, kisha huyaponda. Hakuna maji ya kumwaga. Kila kilichokuwamo kimebaki. Mama alipoyachemsha vipande vipande kwa mara ya kwanza na kuyamwaga maji, babu alitazama sahani akauliza, “Yaani mchana huu mnanipa katogo kama mtoto aendaye shule?” Wala si katogo sawasawa, maana katogo hubaki na mchuzi wake. Alikula kidogo akasukuma sahani.

Jambo la kuchekesha ni kwamba chakula alichoruhusiwa kwa urahisi zaidi ni posho na wali, ambavyo vina potasiamu kidogo. Posho! Ile ambayo sisi wanafunzi tunainung'unikia kila siku ya Mungu. Babu alipoambiwa alisema alidhani mambo ya posho aliyaacha katika bweni zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Katika habari ya nyama na maharagwe watu huharibu kwa upande mwingine. Ni kweli kuwa protini nyingi huyapa kazi mafigo yaliyodhoofika, na daktari humpimia mgonjwa wa namna hiyo kiasi chake. Mashauri ya siku hizi ni gramu 0.8 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Lakini wako wanaosikia hivyo wakamnyima mzee nyama, mayai na samaki kabisa, naye akakonda na kuanguka anguka. Mzee mdhaifu asiyekula vya kutosha aweza kuhitaji zaidi ya kiasi hicho, na daktari wa babu alisema wazi kuwa yai lake asinyang'anywe. Soda nyeusi alimkataza, kwa ajili ya fosforasi na sukari iliyomo. Akamkataza pia vidonge vya kutuliza maumivu ya viungo alivyokuwa akivinunua dukani bila kuuliza mtu. Hivyo si chakula, lakini wazee wengi huvila kama karanga, na namna nyingi za vidonge hivyo huyaumiza mafigo.

Mafigo yakifa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, saa nne hivi kila mara, mara mbili au tatu kila juma, maisha yake yote, isipokuwa apewe figo la mtu mwingine. Hapa Kampala kazi hiyo ya mashine hufanywa katika hospitali ya Kiruddu na kwingineko, na mnamo Desemba 2023 madaktari wa Mulago walifaulu kumpandikiza mgonjwa figo kwa mara ya kwanza katika Uganda. Ni habari ya kujivunia. Lakini mtu wa kijijini kwetu akitakiwa kufika Kampala mara mbili kila juma, hesabu ya nauli peke yake itakuwa imemshinda kabla hajafika kwenye mashine.

Babu hajafika huko, na daktari asema huenda asifike kwa miaka mingi iwapo presha itashikwa vema. Wenzangu walioniuliza wafanyeje na wazee wao wakati wa likizo, nimewajibu kuwa chumvi wapunguze kwa kila mtu nyumbani, wakianza na ile ya mezani, na badala yake watie limau, kitunguu na tangawizi ili ulimi wa mzee usione ukiwa. Hilo halihitaji ruhusa kubwa. Lakini kabla ya kuongeza ndizi, ovakado au chumvi ya dukani yenye sifa nyingi, mzee apimwe presha, mkojo na kreatinini. Nanyi wanafunzi wa zamani mliovuka miaka 50, sitathubutu kuwaambia jambo, ila nimesikia kuwa kwenye karamu yenu ya kila mwaka kikopo cha chumvi huzunguka meza kabla ya sala kwisha.

Siku ya kutembelewa, mwezi uliopita, baba alikuja na daftari. Tangu Januari ameandika ndani yake msukumo wa damu wa babu kila Jumapili, kwa mkono wake, na hesabu imeshuka. Miguu haijavimba tena. Karatasi yangu ya jikoni imeondolewa ukutani, na iliyopo sasa ni ile ya daktari. Babu amenituma swali moja tu: je, siku ya Krismasi ataweza kupata matoke ya majani, yaliyopondwa, kiasi cha kiganja? Nilimjibu kwa barua kuwa sijui, na kwamba damu itapimwa tena mwezi wa Novemba.